Hesabu ya Vishungi

Nilifika zikichumwa
zabibu, na zikikamwa,
watu nao wakiumwa
na nyuki humo shambani.

Kakheti, bonde la jua:
Kaukazi yachungua
juu ya paa na ua
kama mtu dirishani.

Nazibrola ni mjane,
nyumbaye vyumba vinne,
ataka niwe mnene
kabla ya kwenda nyumbani.

Akaniuliza, "Mama?"
Nikajibu, "Ni mzima,
hata sasa analima."
Watu wakacheka ndani:

kumbe "mama" kwao baba,
"deda" ndiye hutubeba,
hutulisha tukashiba.
Nami ningejua lini?

Mkate wao ni shoti,
na umeme haukati!
Wabandikwa katikati
ya tanuri, ukutani.

Tanuri lenyewe "tone,"
bali humo usione
maji; mwokaji umwone
ainama, kichwa ndani,

miguu yaning'inia,
nusura kutumbukia;
akitoka, wanukia
mkate hadi njiani.

Soda kijani kibichi
ya mitishamba ya nchi
nikaonja; sikufichi:
dawa ya meno, nadhani!

Ya pili ikaninoga,
ya tatu nikaikoga,
ila chacha, hapo woga:
moto mweupe kooni.

Sasa khinkali, sikiza:
unga umeviringiza
nyama, mchuzi, na giza,
na kishungi kileleni.

Ukiichoma kwa uma
mchuzi utakuhama
na meza itakusema
hadi Pasaka mjini.

Kishike kile kishungi,
pindua, si mara nyingi,
ng'ata; mchuzi ni mwingi,
fyonza, usije shingoni.

Chote kula, ila hicho
kishungi ukishikacho:
ni hesabu, tena jicho
la mwenyeji sahanini.

Sikuambiwa na mtu.
Na mimi, malezi yetu
hubakishi hata kitu,
wala ganda, ugenini.

Nikala, vishungi navyo,
unga mbichi ndani mwavyo,
nikameza vivyo hivyo,
machozi yapo pembeni.

Sahani yangu ni tupu,
pasi na tone la supu;
Nazibrola, chapu chapu,
akazidisha mezani.

"Hajala!" alitangaza.
Jirani akaongeza
chumvi; mwingine kajaza
saba nyingine, laini.

Kumi na nne kwa jumla,
na vishungi nimekula,
hata pumzi imelala,
tumbo ngoma kiunoni.

Ndipo Gvantsa, mjukuu,
akapanda kiti juu,
akasema kwa makuu:
"Vishungi vimo tumboni!"

Meza nzima ikalia
kwa kicheko, nami pia;
bibi akajifutia
machozi kwenye aproni.

Kisha akasema pole:
"Miaka ya giza ile
tulikula vyote vile.
Nani ahesabu, nani?"

Pakawa kimya kitambo.
Divai, isiyo tambo,
ya mitungi yenye tumbo,
ikaja toka ardhini.

Kwetu, ya tatu, ni jembe;
kwake, sindano, nipambe
jozi uzini, nitambe
kwa kuzichovya chunguni

mwa pelamushi ya moto,
rangi ya usiku, nzito;
vidole vikawa vito,
nikavilamba gizani.

Zikaning'inia safu,
yangu kombo na dhaifu;
akaisifu, "Nadhifu!"
kwa uongo wa hisani.

Basi ukifika kwake
usile kishungi chake,
ila utake acheke
kile kicheko cha ndani.

Nyumbani, kila nilapo,
tonge moja huwa lipo
ukingoni, nalo hapo
lahesabiwa na nani?